Gari la Mzee Nzivo na Mdomo wa Nthenya

Jumatatu, 2 Juni 1997

Nimeamua. Tunanunua gari! Si la kuringa, la kazi. La zamani, la bei ya chini, lisilolala njiani. Mume wangu Mutie amekaa bila kazi tangu kiwanda kifungwe, na sasa binamu yake amempatia kazi ya lori Mombasa. Lori linaondoka Jumatatu ijayo. Arudi lini? Mwaka ujao!

Na Nthenya wetu ameshaanza kutembea lakini hajasema neno hata moja. Si baba, si mama, si maji. Mutie humwita Mwaitu, yaani mama yetu, kwa sababu amepewa jina la mama mkwe wangu, kama ilivyo desturi ya Wakamba. Kila jioni humbembeleza, "Mwaitu, sema baba." Mtoto anamtazama tu kama hakimu. Siku akisema, nani atamsikia? Dereva wa lori aliye Mombasa?

Nikamwambia Mutie tukipata stesheni wagon atabebea akina mama wa chama changu marobota ya mitumba, kutoka soko la Gikomba hadi hapa Kayole. Wameshakubali. Alicheka. Kisha akamwangalia mtoto, akaacha kucheka. Amesema gari likipatikana kabla ya Jumapili, habari za Mombasa zimekwisha.

Mama Javan wa mlango wa pili alikuwa anaanika nguo nje ya dirisha letu. Wakati wote huo anaanika soksi moja tu.

Jumanne, 3 Juni

Tumeona gari karibu na Mukuru kwa Reuben. La bluu. Linang'aa! Mwenyewe, kijana wa miwani ya jua, anasema halijawahi kumsumbua. Niliona limeegeshwa juu ya mteremko. Nikajiambia, Wavinya, acha roho mbaya, gari lazima liegeshwe mahali.

Mutie akaachilia breki. Likateremka vizuri, likanguruma. Nikapiga makofi. Kufika chini likazima, likakataa kabisa kuwaka. Tukalisukuma kurudi juu, mimi na mtoto mgongoni, na mwenyewe ameshika usukani anatuelekeza!

Baada ya hayo yote, Mutie akamshika mkono na kumwambia gari ni zuri, ndugu yangu, Mungu akubariki. Huyo ndiye mume wangu. Injini anaijua kama viatu vyake, lakini kumwambia mtu bei ni kubwa, hawezi. Kuna siku alimwongezea muuza nyanya pesa eti mama wa watu anaonekana amechoka.

Nyumbani Mama Javan akaona tope kwenye magoti yangu. "Mama Nthenya, mnatafuta gari ama mnatafuta mteremko?" Akasema twende na mume wake Wafula, yeye ni fundi, atatuangalizia bure. Bure! Halafu niisikie hiyo bure mpaka Krismasi. Nikamwambia asante, tuna fundi wetu.

Hatuna.

Alhamisi, 5 Juni

Limepatikana! Mutie alienda peke yake Umoja kwa Mzee Nzivo, karani aliyestaafu, anarudi kwao Kangundo. Stesheni wagon ya rangi ya maziwa, imenizidi umri. Viti vina vitambaa alivyofuma mke wake. Boneti ilikuwa baridi kama sufuria ya jana, na bado likawaka mara ya kwanza. Mahali tambarare!

Shida ni bei. Inatuzidi kidogo. Nikamuuliza Mutie kama aliomba kupunguziwa. Akasema aliomba. Nikamuuliza alisema nini hasa. Akasema alimwambia mzee kwamba kwa kweli gari hilo linastahili bei kubwa zaidi.

Nilikaa chini.

Ijumaa, 6 Juni

Nina mpango. Ah, ningesoma zaidi ningekuwa waziri!

Kesho Mutie atatangulia. Mimi nitatokea nyuma kama mnunuzi mwingine, mtu asiyemjua kabisa. Nitalizunguka gari, nitapiga gurudumu teke, nitasema kwa sauti kwamba Donholm kuna zuri kuliko hili na bei ya chini, kisha niondoke na maringo. Mzee ataingiwa na hofu. Kazi ya Mutie ni kusema neno moja tu: "Ehe?"

Tumefanya mazoezi mpaka chai ikapoa. "Ehe?" yake ni ya mtu anayeomba msamaha kanisani. Mwishoni ikawa afadhali. Mtoto nitamwacha kwa Mama Javan.

Jumamosi, 7 Juni

Mambo hayakwenda sawa tangu mlangoni. Mama Javan aliona nimevaa viatu vya kanisa akauliza naenda wapi. Nikasema kliniki. Akauliza kliniki gani ya kuacha mtoto nyumbani. Ikabidi nimbebe Nthenya. Sikujali sana. Kwa mara ya kwanza nikashukuru Mungu kwamba hasemi.

Kwa Mzee Nzivo nikaingia nimeinua pua. Nikamwamkia mzee, shikamoo, nikampita Mutie kama mlingoti wa stima. Nikapiga gurudumu teke (kidole bado kinauma). Nikasema ya Donholm. Mutie akasema "Ehe?" Vizuri sana! Mzee akaanza kujikuna kidevu. Nikaona kabisa bei inashuka.

Basi Nthenya akanyoosha mkono kutoka mgongoni mwangu, akasema, wazi kama redio: "Baba!"

Nilikufa. Lakini akili yangu ni nyepesi. Nikamwambia mzee asishangae, mtoto huyu kila mwanamume humwita baba. Mzee akaniangalia kwa namna ambayo sitaki kuiandika.

Pengine tungepona. Lakini Mutie alikuwa ameshaacha gari, anakuja amenyoosha mikono, machozi mpaka kwenye ndevu. "Mwaitu! Mwaitu, umeniita? Sema tena!"

Na Mzee Nzivo ni Mkamba. Ni mwanamume gani Mkamba atamwita mtoto wa mtu asiyemjua Mwaitu? Akaketi kwenye bampa akacheka mpaka mke wake akatoka na maji ya kunywa. Nthenya akasema tena. "Baba! Baba!" Hakuacha. Mimi nilitaka kuona aibu lakini nilikuwa nalia pia.

Mzee alipopata pumzi, alisema anatafuta tu mtu mzuri wa kumwachia gari lake, na laiti ningekuja nikaomba kwa adabu, angepunguza tangu Alhamisi. Akasema mtoto aliyetoa neno lake la kwanza mbele ya gari hilo hawezi kulikosa. Akapunguza! Akatupa na gurudumu la akiba. Kisha akanigeukia. "Na wewe, binti yangu, acha kupiga vitu vya watu teke."

Tumerudi Kayole tukiendeshwa na Mutie. Nthenya alipiga kelele za baba njia nzima. Mama Javan alitoka mlangoni kabla gari halijasimama.

Jumapili, 8 Juni

Mutie amempigia binamu yake simu. Lori litafute dereva mwingine! Wafula alilala chini ya gari baada ya ibada, hakuona ubaya, akasema ni bure. Mama Javan ameshalitangazia kanisa zima hiyo bure. Pia kila nilipogeuka nilimkuta yeye ameketi kiti cha mbele.

Mutie anasema tumejifunza: tungesema ukweli, tusingehangaika. Nimemwitikia, maskini, ana furaha. Lakini tuangalie mambo yalivyo. Kabla ya mpango wangu, bei ilikuwa juu. Baada ya mpango wangu, bei ikashuka. Sasa ni nani alishusha?

Mwezi ujao tunahitaji kabati, na pale Gikomba maseremala wana bei za ajabu. Mutie amelala, mkono wa mtoto uko sikioni mwake. Mchana wa leo, alipokuwa anaosha gari, nilimketisha Nthenya mapajani nikaanza kumfundisha neno lake la pili, polepole, mpaka alishike:

"Ghali."