Goti la Mzee na Mwanga wa Chebet

Jumamosi. Mvua ya mawe asubuhi, jua mchana.

Leo nimeaibika, na aibu yenyewe niliitafuta.

Binti yangu Chebet amekuja likizo kutoka ng'ambo anakosomea. Wiki nzima, tukingoja lori la majani chai hapa Kimulot, nimekuwa nikijigamba: "Chebet anatumia eksirei kali kuliko zote!" (Ndivyo alivyoniambia. Sikuongeza kitu. Labda kidogo.)

Mzee arap Sang, mwenyekiti wa kituo chetu cha kuuzia majani, akauliza kama msichana anaweza kumsomea picha ya eksirei ya goti lake. Daktari anataka kulipasua, yeye anaogopa.

"Leta tu!" nikasema. Chebet mwenyewe sikuwa nimemuuliza!

Saa nane mzee akafika na fimbo yake na bahasha. Nyuma yake majirani saba, kila mtu na bahasha. Nikawapanga foleni kama ya kupima majani. (Haki ni haki.)

Chebet akatoka jikoni. "Mama, hawa ni nani?"

"Wagonjwa wako."

"Wangu?!"

Maskini, akawaeleza kwa heshima. Yeye hasomi mifupa. Anasoma umbo la protini, vitu vidogo sana vilivyo ndani ya kila kiumbe, hata majani chai. Yeye na wenzake wanazigeuza protini hizo ziwe chembe kama za chumvi, ndogo zaidi, kisha kila chembe inapigwa na mwanga wa eksirei. Maelfu ya picha yanaunganishwa kuwa moja.

"Kama kuchuma chai," nikaingilia. "Jani moja moja mpaka kikapu kijae." (Hapo nilijiona profesa.)

"Kabisa, Mama. Ila mwanga ni mkali mno. Picha ikishapatikana, chembe inalipuka."

Mzee akashika goti lake.

"Inalipuka?" mzee akauliza.

"Ndiyo, mzee."

Akanigeukia. "Bot Chebet, mama ya msichana! Ulitaka goti langu lilipuke?"

Akaruka mtaro, akapotelea kwa majani chai. Fimbo ikabaki. Foleni yote nyuma yake!

"Hata hajaguswa na amepona!" jirani mmoja akapiga kelele.

Chebet akamfuata na fimbo. Akamwapia kwamba mashine hiyo ni ndefu kuliko kutoka hapa hadi sokoni, haiwezi kuingia kwa begi. Tena akaahidi kumpeleka kwa daktari Jumatatu, wamuulize vizuri pamoja kabla ya kisu. Mzee akakubali, akarudi akichechemea. (Kusema ukweli, goti linamuuma kweli. Zile mbio zilikuwa za hofu.)

Nimemwomba msamaha. Nyinyi mtakaosoma haya msinicheke, kesho nina kanisa na foleni yote itakuwa huko.

Jioni tumekula ugali, mboga za sagaa na maziwa ya mursik. Mzee amekula na sisi, lakini amekataa kukaa mbali na mlango.