Gitaa la Marehemu na Miwani ya Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Kiongozi wa bendi katangaza: Jumamosi atachagua mpiga solo. Tuko wawili tu. Mimi, na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, fundi redio anayepiga gitaa kama anayekwangua sufuria. Ningemhurumia, lakini sina muda. Gitaa langu limechoka. Mwalimu mmoja mstaafu anauza la marehemu mumewe, la umeme, la zamani. Kesho naenda kulikagua.

Jumanne, 4 Machi
Nimelifungua mezani kwa mwalimu. Bisibisi mkononi, miwani ya baba mkwe puani. Miwani hainionyeshi kitu, nachungulia kwa juu, ila inaleta heshima. Namba ya kiwandani inalingana na risiti ya zamani. Lehemu imefifia, haijaguswa. Skrubu zina kutu ya umri mmoja. Vinasa sauti, zile sumaku chini ya nyuzi, ndivyo vyenyewe. Kila kitu halisi!

Nikatikisa kichwa mara tatu. Nikamwambia, mama, pole sana, humu ndani mote ni feki, marehemu aliuziwa mbuzi kwenye gunia. Nikataja nusu ya bei. Akasema mumewe hakuwa mtu wa vitu feki, akaomba siku mbili. Za nini? Walimu bwana!

Alhamisi, 6 Machi
Kakubali! Kasema nusu inatosha, mradi jina la marehemu limesafishwa. Sikuelewa, sikuuliza. Akaanza kunieleza habari za fundi, nikamkatiza. Akauliza kama silifungui tena kabla ya kulichukua. Nikacheka. Wenye akili hukagua mara moja.

Ijumaa, 7 Machi
Spika ziko ukumbini, hivyo nimefanya mazoezi makavu. Mke wangu kasema kaka yake anapiga miluzi wiki nzima. Mwache apige, kesho atanyamaza.

Jumamosi, 8 Machi
Balaa! Nimechomeka waya, gitaa likakoroma, kisha likalia kama bawaba kavu. Kiongozi kaziba masikio. Akapanda shemeji na gitaa lake lile lile la siku zote. Sauti tamu mpaka mfagiaji wa ukumbi akaacha ufagio.

Kumbe Jumanne, nilipotoka tu, mwalimu alilipeleka gitaa kwa shemeji. Hawezi kumuuzia mtu feki, kasema, hata kwa nusu bei. Ng'oa vinasa sauti vyote, weka vipya vya dukani. Shemeji akamwambia, mama, hivi ni vyenyewe. Akajibiwa kwamba mtaalamu mwenye miwani amevikagua, ni takataka, tupa. Hakutupa. Kavifunga kwenye gitaa lake, na leo kanishukuru mbele ya bendi nzima. Solo kapewa yeye. Mimi nimepewa kubeba spika.

Jumapili, 9 Machi
Nimetafakari sana. Kosa ni la mwalimu: mtu gani mwaminifu kiasi kile? Shemeji anakuja kula mchana, na gitaa atakuja nalo, maana siku hizi haliachi. Nimeshaiazima miwani. Nitalifungua, nitamwambia, shemeji, pole sana, hivi vitu ni feki.

Safari hii nitatikisa kichwa mara nne.