Hodhi Langu na Kikombe cha Haji Mifleh

Jumapili, 10 Septemba

Chuo kimenisimamisha masomo majuma mawili kwa kuhutubia mkahawani bila kibali. Sawa. Historia itahukumu. Nimerudi nyumbani Akaba, pwani ya Jordan, ambako uzembe umekithiri. Ijumaa hii ujumbe wa posa unakuja kumwomba dada yangu Najwan kwa ajili ya Awad, fundi bomba. Wanaume ishirini na wawili! Nao watakuta nini sebuleni? Makochi na picha ya marehemu Baba.

Nimeamua: watakuta bahari. Hodhi la kioo, lita mia tatu, maji ya chumvi, samaki wawili wa rangi ya machungwa. Chini yake, kabatini, tangi la pili. Maji yatashuka kwa bomba moja, yatachujwa humo, kisha pampu itayapandisha kwa bomba jingine. Cha juu kishuke, cha chini kipande. Mapinduzi ndani ya kabati.

Mama ameuliza kama mapinduzi hayo yatalowesha zulia. Umma hauamshwi kwa siku moja.

Jumanne, 12 Septemba

Madumu kumi na sita ya maji kutoka ufukweni. Mgongo umeasi.

Awad alipita kuleta tende kutoka kwa mama yake, akachungulia kabatini bila kualikwa. Kisomo hana, maoni anayo. Alidai bomba la kupandishia nimelizamisha mno hodhini: pampu ikizimwa, maji yatageuka na kufyonzwa chini kwa njia ileile, mpaka mdomo wa bomba ukutane na hewa. Eti nitoboe tundu dogo, la kupenya kijiti cha kiberiti, karibu na uso wa maji, bomba lipate kupumua. Tena tangi la chini nilijaze nusu tu, ili yatakayorudi yapate pa kukaa.

Nilimweleza kwa upole kwamba mimi ndiye niliyetetea haki za wafanyakazi mbele ya mkuu wa kitivo. Hana haja ya kunifundisha kazi. Bomba lenye tundu ni sawa na msimamo wenye tundu. Tangi nimelijaza pomoni.

"Haya, shemeji," akasema. "Basi usije ukaizima pampu."

Kejeli ya wazi. Nimeiandika hapa kwa kumbukumbu.

Alhamisi, 14 Septemba

Ushindi wa kidiplomasia. Kwa mila yetu, mkubwa wa ujumbe hupewa kikombe cha kahawa, akakiweka chini, na hakinywi mpaka wenye binti wamkubalie. Akiondoka bila kukinywa, hakuna ndoa. Jibu lilikuwa la Ami Suwaylim, mdogo wake marehemu Baba, ambaye angesema maneno matatu na kukohoa. Nimemshawishi aniachie mimi. Amekubali, kwa sharti la dakika mbili. Hotuba yangu ina kurasa kumi na moja. Nitasoma haraka.

Najwan hakufurahi. Aliingia chumbani kwangu, akafunga mlango, akanikumbusha kwamba amemngoja Awad miaka minne, tangu akiwa mwanagenzi asiye na spana yake mwenyewe. Nikimharibia, atasahau kwamba aliwahi kuwa na kaka. Nimemtuliza: hotuba inamhusu yeye kuanzia ukurasa wa tisa.

Ijumaa, 15 Septemba

Naandika nikiwa nimeketi juu ya meza. Sakafu haikaliki.

Walifika saa kumi na moja jioni. Hodhi liling'aa. Mzee mmoja aliuliza kama samaki wale huliwa. Haji Mifleh, babu yake Awad, alipewa kikombe, akakiweka mezani, akaomba kwa heshima. Nikasimama. Pampu ilikuwa ikikoroma. Nilipofika "Enyi wana wa pwani," nusu ya sebule ilikuwa ikisikiliza kabati. Ufasaha haushindani na mkoromo. Nikanyoosha mguu, nikaizima swichi kwa kidole gumba.

Kimya kitukufu!

Ukurasa wa pili, Awad akanitolea macho. Nikadhani nimemgusa moyo. Ukurasa wa nne, akawa anaashiria kabati kwa kidevu. Lakini mposaji hasemi wala hainuki kabla kahawa haijanywewa, na Awad ni mtu wa adabu. Akabaki ameganda, jasho likimtiririka, akihesabu lita kimoyomoyo. Ukurasa wa sita, wazee wakaanza kuinua miguu, mmoja baada ya mwingine. Niliona ni msisimko. Ami Suwaylim alinionyesha saa yake. Maji yakavuka zulia, yakaingia katika soksi za Haji Mifleh. Haji akautazama mguu. Akakitazama kikombe. Kisha akanyoosha mkono kutafuta bakora yake ainuke.

Hapo mlango wa jikoni ukafunguka. Najwan mwenyewe, ambaye kwa mila hakupaswa hata kuchungulia.

"Babu, kunywa hiyo kahawa," akasema. "Kunywa, Awad ainuke akazibe maji."

Haji Mifleh alimtazama. Akaiweka bakora. Akainywa kahawa kwa funda moja, ilivyokuwa imepoa.

"Inuka, Awad," akasema. "Mkeo anakutuma."

Kabla hajamaliza, Awad alikuwa amezamisha mkono hodhini hadi begani, akauinua mdomo wa bomba, likavuta hewa, maji yakakoma. Samaki walibakiwa na maji ya shubiri moja. Wanaume ishirini na wawili wakavua soksi na kuzikamua uani. Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za kurasa tano zilizobaki.

Jumapili, 17 Septemba

Harusi ni mwezi ujao. Tathmini yangu, bila upendeleo: ndoa hii ni tunda la hotuba. Angejibu Ami Suwaylim, kahawa ingenywewa upesi, na Najwan asingepata nafasi ya kuonyesha ushujaa wake. Bado hajanishukuru.

Asubuhi Awad alikuja na keekee, akalitoboa lile tundu, akapunguza maji ya tangi, akakataa hata chai. Mtu mwema. Tatizo lake ni nadharia.

Alipoondoka tu nikaanza mazoezi ya hotuba ya harusi, kurasa thelathini. Lakini tundu lile linapiga mluzi. Linanizomea kila nikifika kwenye neno "ukombozi." Nimevumilia kuzomewa na mkuu wa kitivo, sitazomewa na bomba.

Nimelitia gundi.