Mapaja Yanawasha Nikianza Kukimbia

Jumamosi, 3 Mei 2025

Mchakamchaka wa klabu, Ufukoni hadi Shangani. Sikufika. Karibu na duka la Aliraza mapaja yakaanza kuwasha. Si juu ya ngozi. Ndani, kama siafu wanahama. Nikisimama yananyamaza, nikikimbia yanaanza tena. Ajabu.

Wifi Sabra akanipita, akauliza kama nimepanda mihogo mapajani, mbona nachimba hivyo.

Kocha Yusufu kasema Jumamosi ijayo tunapokea klabu ya Mikindani. Wa kuimbisha mbele ni mimi, kwa ajili ya sauti. Nikishindwa miguu, ni Sabra. Tangu nijifungue naitwa Mama Zawadi tu, na anayetazamwa ni Zawadi. Nafasi hiyo naitaka.

Jumapili, 4 Mei

Nimewaza huku nanyonyesha. Taiti zetu, mimi na wifi, tunaanika kamba moja. Nyuma ya choo pameota upupu. Wifi hupita hapo kila siku. Sisemi kitu.

Jumatatu, 5 Mei

Majaribio. Zawadi mgongoni, nikatembea hadi bombani: hakuna. Nikatwanga: hakuna. Nikamshusha, nikajifunga khanga bila taiti, nikazunguka nyumba mbio. Mapaja moto, na tumbo nalo. Kwa hiyo upupu umeshaingia mwilini.

Zawadi alicheka mpaka akapata kwikwi. Nikamwambia mama hachekwi. Kisha nikazunguka tena ili acheke.

Jumatano, 7 Mei

Kliniki, kumpima Zawadi. Nikamuuliza nesi Doris. Akataka kujua kama navimba, natoka mabaka, au pumzi inabana. Hapana. Akasema basi ni mwili uliokaa muda mrefu bila mbio. Damu inakuja kwa nguvu, vimishipa vilivyolala vinafunguka, na neva za jirani zinatekenywa. Nikimbie kidogo kila siku, itapungua.

Maelezo mazuri. Lakini Doris nywele anasukwa na nani? Na wifi.

Jioni wifi mwenyewe akaja. Eti tukimbie alfajiri mpaka kwa Aliraza turudi, mtoto abaki na bibi yake. Anataka nichoke kabla ya Jumamosi. Nikamjibu ahsante wifi, Zawadi anaota meno, nautafuta usingizi. Hilo la usingizi ni kweli.

Ijumaa, 9 Mei

Nimebadilisha taiti kambani. Yake kwangu, yangu kwake. Zinafanana. Kesho tutaona nani atajikuna. Tangu Jumatatu sijakimbia hatua moja. Miguu imepumzika vizuri.

Jumamosi, 10 Mei

Nilianza vizuri. Ubeti wa kwanza watu walitoka milangoni kusikiliza. Mmoja aliuliza yule dada ni nani. Dada.

Kufika kwa Aliraza, siafu hao. Na kwenye mchakamchaka afanyalo wa mbele, wa nyuma wanafuata. Nikajikuna paja la kulia, klabu nzima ikajikuna la kulia. La kushoto, la kushoto. Wageni wa Mikindani nao wakajikuna kwa bidii, wakidhani ndiyo mtindo wetu. Aliraza akatoka dukani na kikombe cha chai, akasahau kunywa. Nikachuchumaa. Wakachuchumaa wote.

Hapo wimbo ukafa. Wifi akaudaka, akaondoka na watu mpaka Shangani, amevaa taiti yangu, bila kujikuna hata mara moja. Yusufu kampa na safari ya kurudisha ugeni Mikindani mwezi ujao.

Kwa hiyo alijua nitabadilisha, akauhamisha upupu mapema. Mjanja sana yule.

Jioni kaja na maji ya ukwaju. Kambeba Zawadi mpaka akalala. Kasema sauti yangu ndiyo ingefaa Mikindani, kocha anaweza kubadili mawazo, tuanze kesho alfajiri, kidogo kidogo, atanisubiri. Upole mtupu.

Nimekataa kwa adabu. Mpango wangu ninao. Mwezi mzima sikimbii. Miguu ikipumzika vya kutosha, muwasho utachoka wenyewe utafute mtu mwingine.