Yule Mholanzi Mwenye Kijiko Aondoke Gulioni

Nkoma, Bariadi
Julai 1996

Ndugu Meneja wa Ununuzi wa Pamba,

Pokea salamu zangu za heshima. Tulifurahi soko huria lilipokuja na kampuni yako ikafungua gulio hapa kwetu. Sasa naomba, kwa unyenyekevu, uondoe ile kalenda mliyotundika juu ya mizani. Ina picha iliyochorwa ya mkulima wa Uholanzi aliyempakata mtoto, anamlisha uji kwa kijiko. Mke wake amekaa pembeni na kikombe cha pombe, anacheka.

1. Wanawake wakisubiri pamba ipimwe hawatazami tena mshale wa mizani. Wanatazama kijiko. Kwa upande wenu naona si hasara.

2. Mlituahidi kuwa tukiwauzia ninyi tutakuwa kama wakulima wa Ulaya. Nimemkagua huyo bwana. Suruali yake ina kiraka, paa lake limetoboka, na kuku wamo ndani. Basi mimi Ulaya nimekwisha fika, tena kwa msimu mmoja tu wa kuwauzia.

3. Karani wako anajitetea kwamba picha ni ya kale sana. Hilo ndilo baya zaidi, maana wake zetu sasa wanasema tumechelewa.

4. Juzi jioni tulikuwa shikome, kwenye moto wetu sisi wanaume, tukingoja ugali. Mke wangu Nyanjige akaja na bakuli la uji na mwanetu Ng'washi, akaniwekea vyote mapajani mbele ya wenzangu. Akasema, "Baba Ng'washi, yule mzungu ana mikono miwili kama wewe." Ugali haukuja mpaka mtoto aliposhiba. Luhaga, rika langu, alicheka hadi machozi. Niliona aibu, sifichi. Kesho nitaambiwa nisonge ugali, keshokutwa wanawake watakaa shikome wakitungoja sisi, na ng'ombe wa mahari tuliowatoa sijui tutamdai nani.

Tundikeni picha ya trekta. Trekta halina mtoto.

Wasalimie wapima mizani wote, karani, na mkeo, ambaye natumaini hajaiona kalenda hiyo.

Ndimi mkulima wako mtiifu,
Maige Mboje

Tanbihi: Kama mmekwisha kuitoa, tafadhali irudisheni. Luhaga anauliza, kwa siri, kama mnazo nyingine. Na Ng'washi sasa anakataa uji wa mama yake, anautaka wa mkono wangu, akiniona tu anacheka. Sijaona vizuri yule bwana anashikaje kijiko. Mimi bado namwagia mtoto shingoni.