Mialiko Tisa ya Bi Mwanaasha

Jumatatu, 7 Aprili. Kijijini Ole.
Siku yangu imefika! Mzee Msellem anamwoza binti yake mkubwa Jumapili na anatafuta mtu wa kualika nyumba mia tatu, kutoka Mgogoni mpaka Msuka. Altaf, mtoto wa mwenye duka, kajitolea kwa baiskeli. Baiskeli! Nikamwambia Mzee mimi naalika wote kwa dakika moja, kwa programu ya kompyuta inayotuma ujumbe wa simu. Kazi kanipa mimi. Nikiimaliza vizuri, posa yangu kwa Nahla, binti yake mdogo, ataikataaje? Nimecheka peke yangu njia nzima.

Jumanne, 8 Aprili.
Kila mgeni nimempa mstari wake ndani ya programu. Wazee juu, kwa heshima. Wa kwanza kabisa Bi Mwanaasha wa Msuka, shangazi yake Mzee. Binamu yangu Ishak, anayesomea kompyuta Unguja, kanionya kwa simu. Kasema lugha hii ya kompyuta niliyoandikia haikagui programu yote kwanza. Inasoma mstari, inautekeleza, ndipo inakwenda unaofuata. Nijaribu kwa namba yangu mwenyewe. Wivu tu.

Jumatano, 9 Aprili.
Nimeiendesha. Ikatuma, ikatuma, ikagoma kwa mgeni wa arobaini na moja: namba ya Mjaka ina tarakimu pungufu. Nikasahihisha, nikaanza tena kutoka juu, kwa Bi Mwanaasha. Ikagoma kwa wa themanini. Sahihisha. Endesha. Mara ya tisa ikafika mwisho. Nimeruka mpaka mama kauliza kama nimeumwa na tandu.

Ijumaa, 11 Aprili.
Altaf kanisimamisha baada ya sala. Eti mtu mzima haalikwi kwa simu, hupigiwa hodi. Eti Msuka nzima inazungumzia harusi. Nikamwambia hayo ndiyo maendeleo.

Jumapili, 13 Aprili.
Bi Mwanaasha kaja na gari tatu za watu. Kwetu mwaliko mmoja ni nyumba moja. Yeye kapata tisa, akaelewa kwamba mtoto wa kaka yake kamwachia nyumba nane nyingine azichague mwenyewe. Akazichagua. Wazee wenzake wa juu ya orodha nao vivyo hivyo. Pilau ikaisha kabla watu wa bwana harusi hawajanawa mikono.

Altaf akakimbilia dukani kwao, akarudi na magunia ya mikate ya boflo na tende. Mzee Msellem kamkumbatia mbele ya watu. Mimi kaniambia kwa sauti ya chini kwamba nikija tena kwake, simu niiache nyumbani. Nahla kacheka mpaka akakaa chini. Iliniuma sana. Nimelia kidogo nyuma ya jiko, nikala tende mbili.

Jumatano, 16 Aprili.
Posa ya Altaf imepokelewa. Nahla kakubali. Nimehuzunika siku nzima, mpaka alasiri. Hapo nikaliona kosa langu: nilitegemea baba mmoja tu. Mambo ya kizamani hayo.

Nimeandika programu mpya. Inatuma barua ya posa kwa wazee hamsini na wawili wenye mabinti. Kuijaribu sikuijaribu, kujaribu ni woga. Imegoma kwa mzee wa nne. Watatu wa mwanzo wameshajibu, na wote wamekubali. Nasahihisha mstari wa nne, kisha naanza tena kutoka juu.