Mabawa ya Kumfurahisha Mama Mkwe

Alhamisi, 9 Mei
Wiki ya tatu ya ndoa! Wiebe wangu kanibusu shingoni nikikaanga mayai. Yakaungua. Tukayala hivyo hivyo, tukitazamana. Nje mvua. Ndani mama yake, Aukje, kanuna. Tangu harusi hajaniita mkwe hata mara moja. Mimi ni "yule wa mjini". Mawazo yake yote yako hospitali, kwa kaka yake Sjerp, aliyepasuliwa moyo. Lakini nimepata dawa! Kinu cha upepo walimozaliwa kimekarabatiwa, kinafunguliwa Jumamosi. Huku mabawa yakisimamishwa hutangaza habari. Akifika atayakuta katika mkao wa furaha: bawa la juu limebakiza kidogo kufika kileleni. Likishapita kilele, huo ni mkao wa msiba. Watoto wa hapa wanajua. Hata mimi, nimeona picha!

Ijumaa, 10 Mei
Tjeerd, mwendesha kinu, kakataa. Eti kinu si pambo la keki. Nikalia kidogo, nikataja mapenzi. "Shemeji, mapenzi mpelekee mumeo, breki niachie mimi." Roho mbaya! Kesho akienda kunywa kahawa, navuta mwenyewe.

Jumamosi, 11 Mei
Nimeweza! Kamba ya breki iko nyuma ya kinu. Nikasimama hapo hapo, nikaachia, mabawa yakazunguka, nikakaza. Bawa la juu likaegemea kulia, sawasawa na kwenye picha. Nikakimbia barabarani kuwalaki.

Mama Aukje alikiona kinu kwa mbali. Akapiga magoti kwenye matope. "Sjerp wangu! Kafa, na mmenificha!"

Kumbe picha ilipigwa kutoka mbele. Kulia kwa nyuma ni kushoto kwa mbele. Jirani kashafika na keki ya rambirambi. Tjeerd akaja mbio akipunga kofia: jamani, hakuna aliyekufa, ila yupo anayestahili. Wiebe hakunishika mkono njia nzima. Mama Aukje kaniuliza neno moja tu: kesho utamzika nani?

Jumanne, 14 Mei
Sjerp anarudi leo, mzima! Wamekwenda kumchukua. Wiebe kaniomba nisifanye jambo lolote, hata dogo. Mpenzi wangu mpole, hajui kwamba mapenzi lazima yaonekane! Walipoondoka tu, nikapandisha bendera kubwa mbele ya nyumba, imlaki mjomba. Kamba imekwama. Bendera imegoma nusu ya mlingoti, inaloa mvua. Si neno. Muhimu Mama Aukje aione tangu barabarani.

Hilo gari lao linakata kona!